Mume Naye Ni Mtu Yeyote?

Mimi nilisema. Nilisema kwa mdomo wangu huu, nimesimama mbele ya kaunta, mkoba bado uko begani: "Akija mtu yeyote kutuulizia, hatupo. Hamtujui. Hamjapata kutuona." Na yule binti wa mapokezi, ambaye mpaka leo namwita Kucha kwa sababu kucha zake zilikuwa na shughuli kuliko yeye mwenyewe, aliniitikia bila kuinua macho kwenye simu: "Usijali, dada. Usalama hapa kwetu ni namba moja." Namba moja! Kama ile ndiyo namba moja, Mungu atuepushe na namba mbili.

Nilikuwa na mdogo wangu, Kitinda. Tunamwita hivyo nyumbani kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la Mama, na jina limemganda mpaka utu uzima. Asubuhi ile alikuwa amemtoroka mumewe. Sitaki kupamba maneno: shemeji yangu alikuwa anampiga. Alimpiga kwa akili, mahali nguo inapofunika, na wiki ile alikuwa amemchoma begani kwa pasi ya moto eti kola ya shati imebaki na kunyanzi. Halafu mtu huyo huyo ukikutana naye nje utamwita malaika. Ni dalali wa magari, ana maneno matamu, anaweza kukuuzia gari lisilo na injini na bado ukamshukuru. Kitinda alishamkimbia mara kadhaa, na kila mara bwana alimfuata, akalia, akapiga magoti, na huyu mjinga wangu akarudi.

Kwa hiyo nilichokuwa nakitaka kilikuwa kidogo sana. Tulale pale usiku mmoja, alfajiri tupande basi mpaka kwa rafiki yangu mmoja mkunga, mji wa mbali ambao shemeji haujui. Katika muda huo mfupi asimwone, asimsikie. Akimwona tu, kazi yangu imekwisha.

Kwangu tusingeweza kwenda, maana saluni yangu anaijua na nyumba yangu anaijua. Kwa Mama ndiyo kabisa. Mama hakujua lolote kuhusu vipigo vile. Kitinda alinifunga mdomo tangu mwanzo: "Dada, ukimwambia Mama presha itamuua, na utakuwa umemuua wewe." Nikanyamaza, ingawa kunyamaza si kipaji changu. Muulize mteja yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti changu kusukwa.

Basi tukafika hotelini. Askari wa getini aliikagua teksi yetu kwa kile kioo chenye mpini mrefu, akakipitisha chini ya gari mbele, akakipitisha nyuma, akarudia na ubavuni. Nikajisemea, hapa tumefika. Kumbe ndiyo imetoka hiyo! Hakutuuliza sisi ni akina nani wala tunamfuata nani. Ungeweza kukaa kiti cha nyuma na panga mapajani, ukapita zako, mradi chini ya gari hakuna kitu.

Chumba chenyewe sasa. Kitasa kinacheza, ukikishika unahisi kitabaki mkononi. Kwa ndani komeo hakuna, yamebaki matundu ya skrubu tu, ushahidi kwamba zamani watu waliwahi kulala pale kwa amani. Bomba linakohoa upepo. Simu ya mezani imekufa. Taulo tuliletewa moja la watu wawili, na lenyewe lina tundu la kupitisha kichwa.

Nikashuka. Kucha yupo, anapuliza kucha zikauke.

"Binti, chumba chetu hakina komeo."

"Fundi anakuja."

"Anakuja lini?"

"Anakuja tu."

"Basi tubadilishie chumba."

"Vyumba vimejaa, dada."

Nikamtazama. Nyuma yake ukuta mzima umejaa funguo, zimening'inia safu kwa safu. "Na hizo?"

"Hizo za akiba. Kila chumba kina ufunguo wake wa akiba hapa. Kwa usalama wenu."

"Niitie meneja."

"Meneja yuko kwenye kikao."

Kikao! Mlango wa ofisi uko pale pale nyuma yake, umeegeshwa tu, na namsikia meneja kwa masikio yangu anashangilia mpira kwenye runinga. Nilitaka niusukume ule mlango niingie. Lakini nilikumbuka kwamba sisi ni watu wa kujificha, na mtu anayejificha hapigi kelele mapokezi. Nikarudi juu.

Mlangoni tuliegemeza kiti, kiti kimoja tu kilichokuwemo, mgongo wake chini ya kitasa. Kitinda akajilaza. Hata usingizi haujamchukua, tukasikia ufunguo wa akiba unazunguka, mlango unasukumwa, kiti kinakwaruza sakafu, na mhudumu amevaa kizibao chekundu anaingiza kichwa. Hodi hakupiga. "Samahanini, nachukua kiti. Kuna semina chini, viti vimepungua."

Nikamwambia kiti hakitoki. Akaniambia kiti ni mali ya hoteli. Nikamwambia na mimi nimelipia. Akaniambia umelipia kulala, mama, hujalipia kukaa. Na akakibeba! Aliondoka nacho kichwani, anapiga mluzi. Kitinda aliketi kitandani amejikunyata, macho mlangoni.

"Dada, atakuja," alisema.

"Ng'o! Haji. Nani atamwambia?"

Hapo ndipo nilipoamua kwamba komeo nitalinunua mwenyewe na nitalifunga mwenyewe. Mimi nimeendesha saluni miaka mingi, vioo nimevitundika mwenyewe, komeo litanishinda? Wakati nachukua mkoba bomba likakohoa, likatema uchafu, halafu maji yakaanza kutoka. Kitinda alicheka, mara yake ya kwanza kucheka siku ile. Akasema basi angoje nini, anaingia kuoga kabla hayajaghairi. Nikamwambia funga mlango kwa ufunguo na uuache ndani ya kitasa, usimfungulie hata malaika. Nikamsikia akifunga.

Duka la vifaa vya ujenzi halikuwa mbali. Nikapata komeo la chuma, zito, la kuzuia ng'ombe, na skrubu, na bisibisi. Muuzaji akanitania, "Mama, unafunga hazina ya benki?" Nikamwambia ningekuwa nafunga pesa nisingehangaika hivi. Nikarudi kwa miguu, nimelikumbatia komeo langu, na moyo umetulia kidogo. Jua lilikuwa bado linawaka.

Getini askari hayupo. Mapokezi hakuna mtu. Ofisi ya meneja iko wazi, runinga inaongea peke yake. Nikasikia makofi juu. Makofi na wimbo, watu wanaimba kama kwenye sherehe ya kuzaliwa. Nikajua. Nakwambia nilijua kabla sijakanyaga ngazi.

Kwenye ngazi nikamkuta Kucha anapanda mbele yangu na keki mikononi, anakwenda polepole isimporomoke. Aliponiona uso ukamng'aa.

"Dada! Umechelewa! Njoo uone mambo!"

"Mambo gani? Nani yuko juu?"

"Si shemeji yako! Maskini wa Mungu, amepiga simu hoteli zote anamtafuta mkewe, hapa kapiga kabla wewe hujatoka. Amesema wamekwazana kidogo, anataka kumfanyia sapraizi. Alivyokuwa anaongea, dada, nimetokwa na machozi mimi."

"Na wewe ukamwambia tuko hapa."

"Nimemwambia, ndiyo."

"Nilikwambia nini? Nilisimama pale nikakwambia akija mtu yeyote hatupo!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa ananifanyia kejeli, na hilo ndilo linalonikera mpaka kesho. "Sasa dada," alisema taratibu, kama anamweleza mtoto, "mume naye ni mtu yeyote?"

Nikamkumba kwa bega, nikapita. Keki sijui iliishia wapi.

Koridoni hoteli nzima ilikuwa imehamia pale. Mhudumu wa kizibao chekundu, mpishi na aproni yake, dada wa usafi na fagio, askari wa getini na kile kioo chake, na watu wa semina waliokuwa wameacha semina yao. Simu zote juu. Mlango wetu uko wazi, hata haukuvunjwa. Walichukua ufunguo wa akiba, wakausukuma ule wa Kitinda ukadondoka ndani, wakafungua. Wakati yeye anaoga, jamani! Mtu yuko bafuni, uchi wa mnyama, na watu wazima na akili zao wameingia chumbani kwake kwa kunyata, wanacheka chini chini, wanapamba.

Na walikuwa wamepamba. Vigae vya sakafu havionekani kwa maua. Maputo mekundu darini. Kitandani kuna mataulo mapya meupe pee, yamekunjwa yakafanywa ndege wawili wanaobusiana. Kumbe mataulo yapo! Kumbe wanaweza kukimbia! Sabuni tuliomba tukaambiwa stoo imefungwa, komeo likashindikana, kiti tukanyang'anywa. Lakini alipokuja mtu wa kumharibia mdogo wangu maisha, ilipatikana mpaka keki.

Kitinda alikuwa amesimama mgongo umegusa mlango wa bafu. Amejifunga lile taulo la tundu, maji yanamchuruzika usoni, mabega wazi. Shemeji yuko mbele yake, amepiga magoti juu ya maua, suti imenyooka, machozi yanamtiririka. Amemshika mkono. Kwa walio koridoni ulionekana mkono wa mapenzi. Mimi nilikuwa nimefika karibu, nikaona kidole gumba chake kilivyozama kwenye kifundo cha mkono wa mdogo wangu, kikakandamiza mpaka pale pamekuwa peupe.

"Nimekosa, mke wangu," analia. "Mbele ya hawa wote, nimekosa. Rudi nyumbani."

"Msamehe! Msamehe! Msamehe!" Koridoni wanapiga makofi.

Meneja alikuwa mbele ya wote, simu ameinyoosha, anatangaza: "Ndugu watazamaji, mko nasi mubashara, hapa hotelini kwetu mapenzi yanafufuka!" Nikasimama kati yake na mdogo wangu. Akanisogeza kwa kiganja.

"Mama, tafadhali. Unaziba picha."

Nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. "Ninaziba picha? Wewe mwanaume una macho? Hebu tazama bega la mtoto wa watu! Tazameni nyote! Hiyo ni pasi! Pasi ya moto, imemwacha na alama ya ncha yake kabisa, na aliyemchoma ni huyo mnayempigia makofi!"

Makofi yakakatika. Nikasema, sasa wameelewa. Shemeji hakuinuka wala hakupandisha sauti. Aligeuza uso kwa watu, machozi bado yanashuka, akasema kwa upole, "Ni kweli, jamani. Ya nyumbani hayo, nilikasirika. Ndiyo maana mnaniona hapa chini."

Na wakamwonea huruma yeye! Nilisikia mtu wa semina akisema, "Huyo ni mwanaume, anakubali kosa." Yule dada wa usafi akanishika mkono, akaninong'oneza, "Mama, ndoa zina mengi. Usiingilie." Simu zote zikarudi kwa Kitinda, bega na yote, na makofi yakaanza upya, haraka zaidi.

Nikamtazama mdogo wangu. Nilikuwa namwomba kwa macho. Sema hapana, Kitinda. Ng'aka. Mteme mate. Yeye akatazama zile simu, akamtazama aliye chini, akatabasamu. Lile tabasamu la kwenye picha za harusi yake.

"Ndiyo," akasema. "Nimekusamehe."

Kelele za furaha zilizopigwa pale sitazisahau. Waliruka, walikumbatiana watu wasiojuana, meneja akasema "Jamani, jamani" kwenye simu kama yeye ndiye aliyesamehewa. Mimi nilishikwa na uchungu juu ya mdogo wangu, nikamchukia kabisa. Tumbo moja tumelala, sabuni moja tumeogea, na sasa ananifanya mwongo mbele ya kadamnasi. Nilitaka nishuke, niende zangu, nisimjue tena.

"Nenda kalete gari mlangoni, baba," Kitinda alimwambia mumewe, sauti laini kabisa. "Niache nivae. Sitaki watu waendelee kuniona hivi. Dada atanisaidia."

Shemeji akambusu kwenye paji la uso, watu wakapiga mayowe, akatoka kama bwana harusi, na kundi lote likamfuata chini kumsindikiza na kupiga picha nyingine kwenye gari. Mlango ukafungwa. Nikafungua mdomo nimporomoshee matusi ya miaka yote.

Kitinda akakaa chini juu ya yale maua na meno yanamgongana. "Dada, nivishe. Mikono haishiki. Ningesema hapana angeniua humo garini, au angekuua wewe. Nivishe upesi, tutokee nyuma."

Ee Mungu nisamehe, na mimi nilikuwa nimeshamhukumu. Nilimvisha gauni kwenye mwili wenye maji, viatu sikumbuki kama tulivaa au tulibeba. Tukapita ngazi za nyuma, tukatokea jikoni. Sufuria zilikuwa zinatokota hazina mtu, mpishi bado yuko kwenye maharusi. Tukapenya kwenye kamba za kuanikia mashuka, mlango wa uani haukuwa hata na mlinzi wa kuuliza, tukajikuta barabarani. Teksi ya kwanza kupita tukaiparamia.

"Wapi?" dereva aliuliza.

"Endesha, nitakwambia njiani," nikamjibu.

Hatujafika mbali simu yangu ikaita. Mama. Nikaipokea kwa sauti ya juu bila kukusudia, na teksi nzima ikajaa vigelegele.

"Tumeona! Tumeona yote!" Mama alikuwa anacheka na kulia. "Shangazi yenu kaniletea simu, tumeangalia mpaka mwisho! Mwanaume kupiga magoti mbele ya halaiki, wangapi wanapata bahati hiyo? Mpe mwanangu nimpongeze!"

Kabla sijapata la kusema Kitinda alichukua simu mkononi mwangu.

"Mama, sijarudi kwake. Nimemtoroka sasa hivi, niko na dada. Mama, ananipiga. Ananipiga tangu tulipooana."

Nikafumba macho. Nilikuwa nasikiliza kishindo, kwamba sasa hivi nitasikia mzee wa watu anaanguka na shangazi anapiga yowe. Vigelegele vilikatika. Tukasikia Mama anavuta pumzi.

"Najua, mwanangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayeulizwa kama ameshakula. "Najua siku nyingi. Mumeo mwenyewe alinieleza, si mtu wa kuficha. Asubuhi amekuja hapa analia. Mimi ndiye niliyemwambia akutafute akuombe radhi hadharani, mbele za watu, ili aone haya kurudia. Na amefanya, sote tumeona. Sasa unataka nini tena?"

Kitinda alikuwa ameishika ile simu kwa mikono miwili, na kwenye kifundo cha mkono alama ya kidole ilishaanza kuwa nyeusi. Mimi mwenye mdomo wangu, ninayebishana na kila mtu, sikupata hata neno moja la kumwambia mama yangu mzazi.

"Msinitie aibu," Mama alisema. "Mko wapi? Nitajieni mlipo nimwambie aje awachukue."

Kitinda akaizima simu. Dereva alipunguza mwendo kwenye njia panda, akageuza shingo, akatuuliza tena tunakwenda wapi.